Tisini Juu ya Mizani

Mume wangu anaitwa Tisini, na jina hilo alijipa mwenyewe. Mwaka tuliooana alipanda mizani ya kinu cha nafaka, ikasoma kilo tisini, na tangu hapo hakuna mgeni aliyekunywa chai kwetu bila kusimuliwa. Mimi jina hilo lilishaanza kunichosha, kama kila kitu kilivyokuwa kinanichosha. Tangu mvua ziishe alikuwa analalamika mgongo, na kazi zote za zizini zikaniangukia: kukamua, kuzoa samadi, kukata majani, kubeba maji. Yeye anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananielekeza. Nilimwambia mgongo wake una akili sana, unauma pale tu kazi inapotokea. Alipoanza kuacha chakula, nikasema anadeka.

Mizani yetu ya ng'ombe tuliinunua kwa sababu ya mtamba wetu mmoja. Tulimkadiria dawa ya minyoo kwa macho, tukazidisha, akatufia mikononi, naye alikuwa karibu apandishwe kwa mara ya kwanza. Daktari wa mifugo alisema tu kwamba dawa hufuata kilo. Mizani za maana hatuziwezi, kwa hiyo shemeji yangu, mdogo wake Tisini, fundi wa kuchomelea, akatutafutia ya bei ya chini: vyuma viwili virefu vya kulaza chini, waya, na kioo kidogo cha kusomea namba.

Siku hiyo tulilaza vyuma juu ya sakafu ya zege tuliyomwaga mlangoni mwa zizi, tukapigilia mbao juu yake na kuweka vizuizi ubavuni ili ng'ombe asigeuke. Mbao nilibeba mimi. Tisini alishika pima maji ya kusawazishia, na hiyo nayo akawa anaiweka chini kila mara apumzike. Nilikuwa na hasira.

"Sasa tuijaribu na kitu tunachokijua uzito," shemeji akasema.

"Kwani mimi ni nani?" Tisini akavua viatu, akapanda.

Kioo kikasoma sitini na nane.

"Kaka, mguu mmoja umeuacha nyumbani?"

"Hiyo ni mizani yako. Rahisi ghali, niliwaambia."

Akashuka, akapanda tena. Ikawa ileile. Shemeji akabonyeza vitufe vya kurekebishia mpaka kioo kikakubali tisini.

"Hapo imepata adabu," Tisini akasema.

Nikamswaga ng'ombe wa kijivu, yule ambaye mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Kilo mia nne na tisini. Shemeji akashangilia, akaenda kuchukua chupa ya dawa ampimie. Mimi nikamkumbuka mtamba.

"Ngoja kwanza, shemeji. Niletee ule mfuko wa simenti uliobaki."

Ulikuwa bado umeshonwa, umeandikwa kilo hamsini. Tukamtoa ng'ombe, tukauweka. Sitini na sita. Shemeji akafuta marekebisho yake yote, akaurudisha mfuko juu ya mbao. Hamsini kamili.

Tisini hakukiangalia kioo. Alikuwa ameinama anavaa viatu, shati limepanda, nikauona mkanda wake. Ulikuwa na matundu mapya, mengi, yametobolewa kwa msumari, na ncha yake imezunguka mpaka mgongoni. Mkanda huo niliuona kila siku. Niliwahi hata kumwambia ngozi ya mkanda imevutika, naye akakubali haraka.

"Panda tena," nikasema.

"Nimeshapanda."

"Baba watoto, panda."

Akapanda na viatu vyake. Sitini na tisa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mvua." Alikuwa anazungumza na mbao. "Nilidhani itapita. Halafu nikikuangalia, umechoka. Nikuongezee na mimi?"

Nilitaka kumgombeza, nikajizuia. Nikamwambia shemeji awarudishe ng'ombe zizini, dawa aiache, akatafute gari la kutufikisha hospitali. Kisha nikampa mume wangu mkono ashuke. Akaniegemea mwili mzima, wala sikulemewa.