Theluji Baada ya Kunyoa

Theluji ya mwezi wa tano iliwakuta kondoo wa Itto wamenyolewa wiki ileile, huko juu milimani Atlasi. Mumewe, Usaden, aliwanyoa mapema ili sufu yake itangulie sokoni.

Asubuhi mbwa wao wawili walikuwa wakigaagaa kwenye theluji, wakiing'ata na kufukuzana kama watoto siku ya Idi. Itto alichukua kisu akakimbilia zizini. Atakayekuwa bado anapumua achinjwe, angalau watu wale. Aliwakuta kondoo wamesongamana, wamekakamaa kama kuni. Hakupumua hata mmoja.

"Ee Itto, mbwa wako wana harusi?" jirani yake, Tuda, alimchokoza kutoka juu ya paa lake.

"Wana harusi, shoga. Njoo ucheze."

Tuda akalitazama zizi, akarudi ndani.

Usaden aliwaokotea mbwa jiwe. "Washenzi! Wanafurahia nini?"

"Weka chini hilo jiwe, baba watoto. Hao hawakumnyoa kondoo."

Mwislamu hali mzoga. Itto akawaburutia mbwa kondoo wa kwanza, yule aliyemlea mwenyewe kwa chupa. Wakaja mbio, pua zimejaa theluji, mikia ikicheza.

"Kuleni," akawaambia. "Karamu hii kawaandalia baba yenu."