Mshipi wa Abdisamad

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatano ya pili ya Machi 2021, kipimajoto kwenye lango la kituo cha afya huko Tseikuru kilisoma 39.1. Mwenye joto hilo alikuwa Abdisamad, mfanyabiashara wa ngamia, na alikuwa akikohoa. Akapelekwa hema la korona, akaingizwa pamba puani, sampuli ikatumwa mjini. Ikiwa ni korona, angetengwa siku kumi na nne. Jumapili alipaswa kumwoza binti yake Leyla.

Ndila, tabibu wa zamu, alimhoji kutoka mita mbili kama ilivyoagizwa. Homa ilianza lini? Wiki tano, mzee akasema, tangu huko malishoni. Ndila akaipigia mstari hiyo wiki tano. Korona aliyoizoea haikumsubiri mtu hivyo. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi. Kisha akauona mshipi. Shati lilimning'inia mzee kama la kuazima, lakini mshipi wake wa ngozi ulikuwa kwenye tundu la mwisho karibu na ncha, lililotobolewa juzijuzi kwa msumari.

"Mzee, anayekonda hukaza mshipi. Mbona wewe unaulegeza?"

"Mimi nimekonda, daktari. Tumbo ndilo limekataa."

Ndila akavaa glavu na ngao ya uso, akavunja mita zake mbili, akabonyeza. Wengu, ambao kwa kawaida hujificha chini ya mbavu, ulikuwa umevimba hadi kitovuni. Akamuuliza jioni akichunga huketi wapi. Juu ya kichuguu, mzee akajibu, kwani huko kuna viti? Ndani ya vichuguu hukaa usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, wanaoeneza kala-azar, ugonjwa wa homa ndefu unaokondesha mwili na kuvimbisha wengu. Tone la damu, dakika kumi, mistari miwili kwenye kipimo: kala-azar.

Leyla, aliyesubiri langoni, akasema basi baba aende nyumbani.

"Bado," Ndila akamwambia. "Kuwa na moja hakumzuii kuwa na nyingine."

Alhamisi sindano zikaanza, mbili kila siku kwa siku kumi na saba. Jumamosi saa kumi na nusu majibu ya korona yakafika: hasi. Kala-azar haiambukizwi kwa kuketi pamoja, ila mgonjwa hakuweza kuziacha sindano. Leyla akasema basi harusi itamfuata.

Jumapili saa nne, shehe, bwana harusi na mashahidi wawili waliketi uani mwa kituo, barakoa usoni. Abdisamad akamwoza Leyla. Saa tano na robo alidungwa sindano za siku ya nne.