Kola ya Malafyale

Mashine ya Ezroni ilipoanza kunguruma asubuhi ile, Tumpale alikuwa ameshafungua stoo na kufagia, na sasa alikuwa akipitisha kiganja chini ya kila gunia kutafuta tundu la panya. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake pale Bondeni, Kyela. Wakulima wakileta mpunga kukoboa na foleni ikawa ndefu, magunia yalilala kwake. Gunia likitobolewa, hasara ilikuwa ya mtunza stoo, si ya mwenye mashine. Ezroni alilieleza hilo siku ya kwanza huku akitabasamu, kama mtu anayekukaribisha chakula.

Ndiyo maana alifuga paka. Alikuwa dume kubwa la rangi ya majivu, sikio moja limechanika, na kwa jinsi alivyopita juu ya magunia bila haraka, wakulima wenyewe wakamwita Malafyale, yaani chifu. Wazee wa Ngonga wakishusha mizigo walimwamkia kwa mzaha: "Mugonile, Malafyale!" Panya walimwamkia kwa mbali. Tangu aje, Tumpale hakukatwa mshahara hata mara moja. Jioni mashine ikizimwa, alikaa naye kizingitini wakagawana usipa, vidagaa vya Ziwa Nyasa. Mumewe alishafariki, binti yake ameolewa ng'ambo ya mpaka huko Karonga, kwa hiyo mtu akimwambia paka ni mnyama tu, alimwangalia mtu huyo kwa huruma.

Asubuhi ile Malafyale hakuja kizingitini. Tumpale alimkuta nyuma ya magunia, amechuchumaa juu ya pumba, anajikamua. Hakikutoka kitu. Akasogea kidogo, akachuchumaa tena, akatoa sauti ambayo Tumpale hakuwahi kuisikia kwa paka. Alipomshika tumbo, lilikuwa gumu kama limau bichi.

Ezroni akachungulia kutoka kwenye mashine, nywele nyeupe kwa vumbi. "Mtupe migombani huko. Nitakuletea mwingine kutoka Ipinda."

"Ulishaleta watatu, tajiri. Walilala na panya kama ndugu."

"Basi fanya unavyojua, ila mchana uwe hapa."

Tumpale akamtia paka ndani ya tenga la kuku, akajitwika, akapitia nyumbani kwake mara moja, kisha akashika njia mbio.

Ofisi ya mifugo ilikuwa na benchi moja nje na kabati moja ndani. Ukutani, pale ambapo miaka yote palikuwa na tangazo la kadibodi ngumu lenye maandishi mekundu, HUDUMA NI BURE KWA WOTE, sasa palibaki misumari na mraba wa chokaa nyeupe kuliko ukuta wenyewe. Tangazo liliondolewa serikali ilipoanza habari za kuchangia gharama. Watu walianza kuchangia hospitalini, wakachangia shuleni, na sasa ng'ombe nao walitakiwa wachangie. Upande wa pili wa barabara, muda si mrefu baada ya tangazo kung'oka, likachipuka duka la dawa za mifugo. Aliyekaa kaunta alikuwa Beatrice, mke wa Bwana Mifugo.

Kwenye benchi alikaa mzee Anyisile wa Ngonga, ameshika kamba ya ndama aliyevimba goti. Alikuwa ameshaambiwa bei, na alikuwa bado anaifikiria.

Bwana Mifugo, Lameck, alikuwa akinywa chai.

"Mugonile, Bwana Mifugo."

"Ndaga, mama. Ng'ombe wako ana nini?"

"Si ng'ombe. Ni paka."

Lameck akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. "Paka si mifugo, mama. Kwenye taarifa yangu kuna ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku. Huyu nimwandike wapi?"

"Usimwandike. Mtibu tu."

Malafyale akalia ndani ya tenga, na ile sauti ikamfanya hata Lameck aweke kikombe chini. Akamtoa, akambonyeza tumbo taratibu, na uso wake ukabadilika. "Huyu amefungwa mkojo. Unamlisha nini?"

"Usipa."

"Wakavu?"

"Wabichi nitawapata wapi kila siku? Wakitoka ziwani Lyulilo wameshaanikwa na chumvi juu."

"Na maji? Anakunywa wapi maji?"

Katika stoo ya mpunga maji hayaingii, na hakuna mtu wa Kyela ambaye angehitaji kuelezwa kwa nini. Mpunga ukipata unyevu unaota, mchele unakatika, na jina la stoo limekwisha. Yeye mwenyewe kiu ikimbana alitoka nje kunywa. Mvua kubwa zilipoanza, alimfungia Malafyale ndani usiku na mchana ili asiingie na miguu yenye tope. Alimlisha usipa wenye chumvi, akamkinga na kila tone la maji, na siku zote akajiona mtunza stoo hodari.

"Kibofu kimejaa vijiwe," Lameck akasema. "Njia imeziba. Mirija niliyo nayo ni ya chuchu za ng'ombe, haimwingii huyu. Dawa yake ni kumpasua, kukata hapo mbele na kushona tundu pana, awe anakojoa kama jike. Asipopasuliwa leo, kesho mtazika."

"Mpasue, baba."

"Sindano ya usingizi na dawa ya kidonda hatuna hapa ofisini."

Kabati lilikuwa wazi nyuma yake. Chupa zilikuwa zimepangwa humo, na Tumpale alizitazama waziwazi. Lameck naye alimwona anavyozitazama, wala hakuona haya. Aliinuka, akachukua chupa mbili kutoka kabatini, akazitia mfukoni mwa koti, akavuka barabara. Tumpale akamfuata. Kule dukani Lameck akaziweka chupa kaunta mbele ya mkewe, akageuka na kurudi ofisini kwake kama mtu aliyetoka kujinyoosha miguu.

Beatrice akazisogeza chupa mbele. "Karibu, mama. Unahitaji hizi?"

Tumpale akaeleza kwamba fedha yote aliyokuwa nayo haifiki hata chupa moja, akaomba alipe mwisho wa mwezi. Beatrice akatikisa kichwa kwa upole, akasema siku hizi ni soko huria, dukani hakuna kukopa. Macho yake yakashuka kwenye mfuko wa plastiki aliokuwa nao Tumpale kwapani. Ndani mlikuwa na kitenge kipya, cha njano na buluu, alicholetewa na binti yake kutoka Karonga. Alikuwa akikihifadhi kwa ajili ya Pasaka. Alitoka nacho nyumbani akijua hana kingine cha kuuza.

Kitenge kikabaki kaunta. Tumpale akavuka barabara na zile chupa mkononi, akampa yule yule aliyezitoa kabatini.

Upasuaji ulifanyika juu ya meza ya ofisi, juu ya magazeti ya zamani. Mzee Anyisile alimfunga ndama wake kwenye mguu wa benchi, akaja kusaidia kushika. Na kusema kweli, mikono ya Lameck ilikuwa hodari. Alikata kidogo, akasafisha, akashona kwa subira ya fundi wa gauni la harusi. Mkojo uliokuwa umefungwa ukatoka mwekundu, ukalowesha magazeti, na Tumpale akalia kwa furaha mbele ya mkojo wa paka. Mikono ile ilifundishwa chuoni kwa jasho la wakulima wa mpunga na kakao, bure kabisa, mpaka cheti.

"Sasa sikiliza," Lameck akasema akinawa. "Usipa wakavu basi. Mpe mchuzi, mpe maji. Asikae kwenye mchanga wala pumba. Na asijilambe! Tafuta kadibodi ngumu, umkatie kola ya kumzunguka shingo. Isivuliwe mpaka mimi mwenyewe niseme kidonda kimepona. Akijilamba nyuzi zitakatika, na safari hiyo sitamwokoa."

Kadibodi ngumu haikuwa mbali. Nyuma ya ofisi, kwenye jalala, lilikuwepo lile tangazo, limelala kifudifudi kati ya maganda ya ndizi. Tumpale alilikung'uta akaondoka nalo. Mzee Anyisile naye alikuwa akiondoka, anamvuta ndama kwa kamba, ndama akichechemea. Alisema angejaribu majani kwanza.

Kola ilikatwa kwa kisu cha jikoni na kufungwa kwa uzi wa magunia. Tumpale aliyageuzia maandishi ndani, kwa sababu alikuwa mtu wa kujiheshimu na hakutaka maneno na ofisi ya mtu. Malafyale alitembea siku ile kama mlevi, akigonga kila gunia.

Tumpale akajikaza kisabuni. Badala ya mchanga alimtandikia jani la mgomba la kujisaidia, kila asubuhi jipya, ili kidonda kisishike uchafu. Usipa aliwaloweka, akawachemsha, akamnywesha mchuzi kwa kijiko. Akanunua chungu kidogo cha Lyulilo, akakijaza maji, akakiweka ndani ya stoo, juu ya tofali, mbali na magunia. Ezroni alipokiona nusura azimie.

"Maji! Ndani ya mpunga!"

"Chagua, tajiri. Chungu au panya."

Ezroni akachagua chungu, ingawa alinung'unika mpaka jioni.

Ila kabla ya wiki kwisha kidonda kikavimba, pembeni kikawa chekundu, na Malafyale akaacha kula. Tumpale akambeba tena mpaka ofisini. Lameck hakuinuka kitini.

"Kila kuonwa kuna mchango wake, mama. Ndio utaratibu."

"Mtazame tu. Kwa macho. Uniambie kama kinaoza."

"Macho yangu nayo ni ya serikali."

Alirudi na tenga lake kichwani, machozi yanamtiririka barabarani, bila kujali nani anamwona. Alichemsha maji ya chumvi, akamkanda, akampa dawa iliyobaki kwenye chupa aliyorudishiwa siku ya upasuaji. Aliomba Mungu kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili ili asije akakosea lugha. Jumamosi Malafyale akainywa supu yote, akalamba na sahani, kola ikigonga sakafu.

Jumapili kanisani, benchi la mbele, alikaa Beatrice ndani ya gauni la njano na buluu. Mikono ya puto, kilemba cha kitambaa hicho hicho. Tumpale hakumchukia kwa kuvaa, maana kitu kikishalipwa ni cha mtu. Kilichomchoma ni pale mzee wa kanisa aliposimama kumshukuru Bwana Mifugo na familia yake, ambao kwa moyo wao wanaisaidia jamii, na waumini wakapiga makofi. Naye Tumpale akajikuta anapiga. Aliitazama mikono yake mwenyewe kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Alipofika nyumbani alikata uzi wa magunia, akaigeuza kola, akaifunga upya kabla paka hajapata nafasi ya kujigusa. Maandishi mekundu sasa yalikuwa nje.

Jumatatu ni siku ya watu wengi mashineni. Malafyale alitoka stoo, akapanda juu ya magunia, akakaa kama chifu barazani. Wa kwanza aliyejua kusoma alisoma kwa sauti: "Huduma ni bure kwa wote!" Kicheko kikapita foleni nzima. Watu walikuja kutoka dukani na sokoni kumsoma paka tu. Ezroni alizima mashine, naye akacheka mpaka vumbi likamdondoka.

Mzee Anyisile hakucheka. Alikuwa ameleta gunia moja kukoboa. "Ndama wangu amekufa Ijumaa," alisema, na kicheko kikakatika.

Kabla ya saa sita habari zilikuwa zimefika ofisini, na Lameck akaja mwenyewe, kwa baiskeli, jasho linamtoka.

"Mama, vua hicho kitu. Sasa hivi!"

"Nivue?" Tumpale alitoka na ufagio mkononi. "Si wewe uliyesema isivuliwe mpaka useme kidonda kimepona?"

"Ile ni mali ya serikali."

"Ilikuwa jalalani, na ganda la ndizi juu yake."

"Tangazo hilo limefutwa!"

"Lilifutwa na nani?" Mzee Anyisile akauliza kutoka kwenye foleni, taratibu tu. "Maana sisi hatukuulizwa."

Lameck aliwatazama watu, na watu wakamtazama yeye.

"Mwangalie basi," Tumpale akasema. "Ukisema amepona naivua mbele yako, uende nayo. Ukiivua hajapona, akajilamba akafa, hawa wote wamekuona."

Lameck hakuwa na pa kutokea. Akachuchumaa kwenye pumba na suruali yake iliyopigwa pasi, akainua mkia wa paka, akakitazama kidonda. Alikitazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza siku ile alifanana tena na mtu aliyesomea kazi yake.

"Bado," alisema kwa sauti ndogo. "Wiki nyingine."

"Sikusikia, Bwana Mifugo."

"Nimesema bado! Abaki nayo."

Alisimama, akajipangusa magoti, akatafuta baiskeli yake. Hakuna aliyempisha haraka. Malafyale alishuka kwenye magunia, kola ikimyumbisha, akalifuata jani lake la mgomba pale kizingitini, akachuchumaa kama jike. Mashine ilikuwa bado imezimwa. Kila mtu akasikia mkojo unavyoligonga jani, mwingi, mfululizo, na Lameck akasubiri umalizike ndipo apite.