Kifungo cha Hickin

Nilikuja Birmingham kusoma, lakini nyanya yangu alinituma kumlaani mtu.

Alikuwa na miaka mitano au sita askari wa Mwingereza walipoingia katika boma la baba yake, Nthenge wa Kioko, karibu na Machakos. Reli ilikuwa haijafika. Walimpiga Nthenge risasi akifunga zizi, wakachukua mbuzi, wakachoma maghala. Mama yake nyanya alimrukia aliyefyatua bunduki, akang'oa kifungo kimoja cha koti lake. Moshi ulikuwa mzito. Hakuna aliyeuona uso wa mtu yule.

Miaka mingi baadaye mjomba Fanuel alijifunza kusoma misheni, akakigeuza kile kifungo. Nyuma palikuwa na maneno mawili: HICKIN BIRMINGHAM. Kwetu sufuria za kuazimana wakati wa harusi huandikwa jina la mwenyewe kwenye kitako, zisipotee. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza swali. Muuaji alikuwa Hikini. Tangu siku ile kila mbwa wa nyanya ameitwa Hikini, ili atukanwe kila asubuhi na alale nje.

Nilipopata digrii yangu, Julai 1972, nilifungua kitabu cha simu. Hickin alikuwa mmoja tu, mtaa wa Shard End.

Darshan Singh, kondakta wa basi aliyenipangisha chumba kule Small Heath, alisema twende wote. Alizaliwa Machakos, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni hasa. Yeye pia alikuwa na mtu wake wa kumtafuta: babu yake, Mpunjabi aliyekuwa askari katika jeshi hilohilo la Mwingereza. London walikuwa wamemjibu kwamba alitumikia Machakos tangu 1896 hadi 1899. Barua ile aliitia fremu akaitundika sebuleni. Tulikuwa tukitaniana kwamba wake anatafutwa avishwe maua, na wangu anatafutwa anyweshwe shubiri.

"Wewe Mumbua, ukimpiga mzee wa watu, mimi sikujui," aliniambia ndani ya basi.

"Simpigi. Nitamwambia tu maneno ya nyanya."

"Afadhali umpige. Mimi nimekua na Wakamba, najua maneno yenu."

Mzee Hickin alitufungulia mlango akiwa amevaa ndara za sufi. Alitukaribisha chai kabla hata hatujasema tulichofuata. Nilikiweka mezani kifungo nilichopewa na nyanya, maneno yakiwa tayari ulimini. Alikigeuza, akatabasamu kama aliyekutana na jamaa.

"Kazi ya baba hii," alisema. "Mmeipata wapi?"

"Afrika. Baba yako alikuwa askari huko."

"Baba? Hata bahari hakuwahi kuvuka. Alikuwa fundi wa vifungo. Hilo ni jina la karakana yetu, binti yangu. Tulilipiga nyuma ya kila kifungo, kiwe cha jenerali au cha mpiga tarumbeta."

Nilitamani awe anadanganya. Nilimtazama shingo, mikono, nikitafuta uongo, nikaona mzee tu aliyekuwa akitumiminia chai. Mbwa wote wale walikuwa wametukanwa bure.

Alikwenda kabatini akarudi na kitabu kinene cha kadi zilizoshonewa vifungo, kila kimoja na mteja wake. Alilinganisha nembo ya mbele, akipitisha kidole polepole.

"Hiki hapa. Makoti ya askari wa Kihindi waliopelekwa Afrika Mashariki, 1895. Nembo hii hatukumtengenezea mwingine."

Darshan aliweka kikombe chini. "Walikuwa wangapi?"

"Tulitengeneza vya watu mia tatu."

Tulitembea mpaka kituo cha basi.

"Mia tatu ni wengi," nilisema.

"Na barua yangu inasema Machakos." Hakunitazama. "Sema yale maneno, Mumbua. Umeyabeba kutoka mbali."

"Si wewe."

"Hickin naye hakuwa yeye, na ulikuwa tayari kumwambia."

Nilitaka kukataa. Mchana ule bado niliamini kwamba watu waliosoma huiacha chuki ikishakosa mwenyewe. Lakini hasira iliyokosa pa kukaa kwa mzee Hickin ilikuwa imeshageuka kumtazama Darshan, nami nikaifuata.

"Nthenge wa Kioko alikuwa akifunga zizi," nilimwambia usoni. "Mkononi alishika kamba, hakushika upinde. Mke wake alilisha watoto mizizi. Nyumba ya aliyemuua isiote moto ila ule wa kuiteketeza."

Sikumpunguzia neno, ingawa ndani ya nyumba hiyo ndimo nilimolala mimi.

Darshan alirudia jina la Nthenge mara mbili, taratibu, mpaka akalitamka sawasawa. Basi likaja, tukapanda, kila mtu kiti chake.

Jioni fremu haikuwapo ukutani. Swaran, mke wake, alinipakulia dengu na chapati kama kawaida, nami nikala bila kuinua kichwa.

Nyanya ameniandikishia barua. Mbwa wake amezaa, na anangoja nimwambie kama jina ni lilelile. Katika barua yangu ya kwanza niliandika Singh. Niliichana. Hii ya pili nimeiacha mezani tangu Jumapili. Pa jina bado ni peupe, na kila nikishika kalamu mkono wangu unataka kuandika lile la barua ya kwanza.