Sehemu ya Tatu ya Don Evaristo

Alfajiri, giza bado zito, nilisikia kidole kikigonga ukuta wa mbao: to, to, to, to. Nilimfunika vizuri binti yangu Nélida, nikachukua daftari, nikatoka.

Don Evaristo, jirani yangu, ndiye mtunzi aliyewachezesha watu dansi ya tango Buenos Aires nzima. Tangu alipopooza mkono, miaka sita nyuma, hakuwa ametunga hata wimbo mmoja. Nami nilijifunza kuandika nota za muziki kwenye masomo ya jioni, basi akaniahidi: siku wimbo ukija, atanigongea.

"Wimbo umekuja, binti. Andika kabla haujakimbia."

Alipiga mluzi, mimi nikaandika. Sehemu mbili tamu, zenye huzuni, kisha ya tatu, iliyopanda kama mtu anayeparamia ngazi mbio kumwahi mpenzi wake. Jioni bendi yake ya zamani ingekuja kuuchukua ili waupige redioni.

"Wakiusikia watajua sijafa," alisema.

Asubuhi nilikuwa uani nikifua shuka, nikiuimba chini chini. Doña Filomena, mjane wa Fermín mpiga gitaa, aliyekuwa akifua kando yangu, akaacha kusugua.

"We, huo umeutoa wapi? Huo wa marehemu wangu! Alikuwa akiupiga mluzi kila akinyoa ndevu."

"Aliwahi kuuandika?"

"Fermín? Kuandika jina lake tu kulimtoa jasho!"

Nikakumbuka kuwa Fermín na Don Evaristo waliwahi kupanga chumba kimoja ujanani. Ningenyamaza, nani angemwamini mjane asiye na karatasi? Ila ningewezaje kukaa na Filomena hapa uani, redio ikiupiga, yeye ameinama juu ya beseni lake? Nikaenda nikamwambia mzee.

Aliisukuma kahawa yake kando.

"Kwa hiyo mimi mwizi."

"Ulisahau tu, baba."

"Mwizi msahaulifu bado mwizi. Niitie Filomena."

Alikuja na mikono imejaa povu. Don Evaristo akapiga mluzi, naye akamfuata kwa sauti, sehemu ya kwanza, ya pili. Ilipoanza ya tatu, akafunga mdomo.

"Mbona umeacha?"

"Hiyo siijui. Fermín akifika hapo alikuwa ananawa uso."

"Hakuwa na ya tatu?"

"Ya tatu! Mume wangu yule alimaliza nini maishani? Hata ndevu zenyewe, shavu moja alikuwa analisahau."

Don Evaristo akacheka, mkono mmoja ukikataa, mwingine ukipiga paja kwa niaba ya yote miwili.

"Basi hiyo yangu, Filomena. Ni yangu!"

"Chukua zote, bwana. Kwako zitachezwa."

"Aa, wapi! Binti, lete kalamu. Anza na jina la Fermín."

Nikaandika majina yote mawili juu ya ukurasa, taratibu, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Filomena alikuwa akijipangusa macho kwa aproni, akisema ni sabuni. Wino ulikuwa haujakauka Nélida alipopanda kwenye kiti, akaanza kusoma herufi moja moja kwa kidole.

"Mama, wimbo huu ni wa watu wawili."