Wageni wa Tuakeu

"Kamba ya boya lako ni ya lini?" Pumati aliuliza, kofia yake ya kanisani bado ameibana kwapani.

Tuakeu alijifanya hakusikia. Aliendelea kuvuka ua wa kanisa, viatu mkononi, akiukanyaga mchanga wa moto bila haraka.

"Nasema na wewe, binamu. Upepo unageukia magharibi."

"Umegeuka mara ngapi tangu tuzaliwe?"

"Basi wahamishie wageni wako kwenye boya langu. Mimi nimefunga mnyororo."

Tuakeu akasimama, akacheka kwa sauti ya kusikika na wanawake waliokuwa wakitoka kanisani. "Aa, kumbe ndiyo shida yako! Injini imekukoholea mbele ya kisiwa kizima, sasa unataka wageni wangu kwa njia ya boya!"

Wanawake walicheka. Pumati hakucheka. Alitazama baharini, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Kisiwani hapa mgeni hachagui mwenyeji. Chombo kikionekana nje ya mwamba unaokizunguka kisiwa, wanaume hukimbilia mashua zao, na atakayekifikia kwanza ndiye mwenye wageni. Chombo kitafungwa kwenye boya lake, wageni watakula mezani kwake mpaka siku ya kuondoka, na hakuna nyumba nyingine itakayowapa hata kikombe cha chai. Wakihamia boya la mwingine, ni wa mwingine. Miaka yote alikuwa akiwahi Pumati, mwenye injini mpya, huku Tuakeu akifika wa mwisho na kurudi na mashua tupu. Watoto wake wote walikuwa New Zealand. Yeye na mkewe Akaiti walishinda kibarazani wakipasua samaki na kugandisha minofu ya kupakia melini, na jioni walikula wawili kwenye meza aliyoichonga mwenyewe kwa ajili ya watu kumi. Wiki hii, injini ya Pumati ilipozimika njiani, hatimaye alikuwa amewahi yeye, akapata mtu na mkewe na binti yao mdogo, na kwa furaha hakulala.

Kuhusu kamba, alijua. Mwaka uliopita alipiga mbizi hadi kwenye boya, akaishika, nyuzi zikamkatikia mkononi kama nywele za mgonjwa. Meli ilimletea kamba mpya, lakini ilifika pamoja na habari za kimbunga, na kamba ile akafungia paa la nyumba. Alijiambia ataagiza nyingine. Boya lisilofungwa chombo halimsumbui mtu, akasahau. Na siku wageni walipofika, hakusahau. Alikumbuka vizuri kabisa, akawafunga hapo hapo, kwa sababu boya jingine lililo imara lilikuwa la Pumati.

Nyumbani moshi wa tanuri ulikuwa umejaa uani. Akaiti alikuwa akiondoa mchanga na majani juu ya mawe ya moto, na Ema, yule binti, akimsaidia kwa kumwagia mchanga miguuni.

"Huyu mtoto mwembamba hivi," Akaiti alimwambia Lenka, mama wa mtoto, "wewe baharini unamlisha upepo?"

Lenka alicheka mpaka akajifuta macho. "Anakula kuliko baba yake, Mama. Nyumba tuliiuza ili tununue mashua, sasa yeye anataka kuila na mashua."

Mumewe, Radek, hakuwa akicheka. Alisimama mlangoni akitazama nje, pale mlingoti wao ulipokuwa ukiyumba ng'ambo ya mawimbi.

"Papa Tuakeu," alisema kwa adabu, "upepo huu siupendi. Naona bora niende nikalale chomboni. Tukiona mbaya, tung'oke."

Maji yalikuwa yanaanza kupwa, lakini mlango wa mwamba bado ulipitika. Angemvusha kwa muda mfupi tu. Tuakeu alilijua hilo, na alimwona Akaiti ameacha kufunua majani, anamtazama.

"Chakula hakijatoka!" alisema. "Mgeni wangu aondoke Jumapili na tumbo tupu, watu waseme nini? Keti. Boya lile limeshika vyombo vikubwa kuliko chako."

Radek aliketi. Akaiti akainama tena juu ya mawe, akatoa nguruwe, akatoa magimbi, akavunja mkate wa nazi, na mezani hakumwangalia mumewe hata mara moja.

Walikuwa bado wanakula sauti ya Pumati ilipokuja kutoka ufukweni, ikiita jina la Tuakeu tu, mara baada ya mara.

Walipofika, kamba ilikuwa imekatika na chombo kimegeuka ubavu. Upepo ulikuwa wa magharibi kabisa, umekaza, na bahari iliyokuwa shwari asubuhi ilikuja imesimama kama ukuta. Mlango wa mwamba ulikuwa sasa mawe matupu yanayong'aa. Wanaume, wakiwa na mashati yao meupe ya kanisani, waliibeba mashua ya Pumati mabegani, wakatembea nayo juu ya mwamba hadi ukingoni, na wimbi la kwanza likawarudishia. Wakaibeba tena. La pili likaipasua, likamtupa Tuakeu chali na kumchuna mgongo wote. Radek alijitosa aende kwa kuogelea, Pumati akamkumbatia kiunoni, wakaanguka pamoja, na hakumwachia.

"Mwache baba yake Ema!" Lenka alilia, kisha akasema, "Usimwache, tafadhali, usimwache."

Baada ya hapo hawakuwa na la kufanya. Walisimama, kisiwa kizima, wakitazama. Chombo kilikuja polepole, kana kwamba kuna mtu anakileta, kikagusa mwamba, kikainuliwa, kikagusa tena. Mlio wake ulifika kwao umechelewa kidogo. Mlingoti ulilala.

Ema alimvuta Tuakeu mkono. "Papa, nani ameifungua mashua yetu?"

Alimtazama Lenka, akamtazama Akaiti, akamsogeza mtoto mbali na maji.

Kilichotupwa pwani watu walikiokota na kukileta mlangoni kwa Tuakeu, kwa kuwa wageni ni wake: godoro lililolowa, sufuria, kiatu kimoja cha mtoto, ramani zilizogeuka uji. Pumati alileta mashine ya kushonea matanga, akaiweka chini kwa uangalifu ingawa ilikuwa imevunjika, akaondoka bila kumwangalia.

Asubuhi Radek alikuja kibarazani. Macho yalikuwa mekundu, lakini alinyoosha mkono.

"Papa, nataka kukushukuru. Umejeruhiwa kwa ajili yetu. Tungekuwa mahali pengine, tungekuwa peke yetu."

Huo mkono ndio uliomshinda Tuakeu. Angetukanwa, angenyamaza.

"Kamba ilikuwa mbovu," alisema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Pumati alinionya. Sikutaka awachukue."

Radek aliendelea kunyoosha mkono kwa muda, kama mtu anayengoja kutafsiriwa maneno. Kisha akaurudisha, akaingia ndani, na sauti ya Lenka ikasikika ikiuliza jambo moja mara mbili. Walitoka wote watatu wakiwa wamebeba godoro. Walikwenda moja kwa moja kwa Pumati.

Pumati aliwasikiliza hadi mwisho. Mkewe alikuwa ameshageuka kutandika kitanda, Pumati akamzuia kwa mkono.

"Mama," alimwambia Lenka, "ningependa sana. Lakini ninyi ni wa Tuakeu."

"Hata sasa?"

"Hata sasa. Nikiwachukua, nimekiambia kisiwa kwamba yule si mtu tena. Na hapa tuko wachache, ndiyo hawa hawa mpaka tufe. Meli ikija mtaondoka. Yeye ataondoka aende wapi?"

"Na sisi?" aliuliza Lenka. "Sisi tufanye nini?"

Pumati aliinamisha kichwa, akawa anayaangalia magamba ya samaki miguuni pake.

Wageni wakaweka godoro chini ya minazi, ufukweni, wakawapa mgongo watu wote. Adhuhuri Akaiti alipeleka chakula, akakirudisha kilivyo. Jioni alimpa Tuakeu sahani za chakula, hakumwambia cha kufanya nazo. Tuakeu alisimama nazo mlangoni, mgongo ukimwaka, hana uso wa kwenda mbele wala nguvu ya kurudi ndani.

Mvua ilianza ghafla, nzito, kutoka magharibi. Radek alivuta godoro juu ya kichwa cha mtoto. Likalowa likamlalia. Walikaa hivyo kwa muda mrefu, na Ema alikuwa akikohoa. Mwishowe Lenka alimbeba, akaja akivuka ua wa Tuakeu, miguu mitupu, nywele zimemganda usoni. Mlango ulikuwa mwembamba. Tuakeu alijibana kwenye mwimo, sahani juu, ili Lenka apite bila kumgusa.