Kipira Chekundu cha Mwanvua

Mtaani kwao Rumonge hakuna aliyethubutu kumzidi Mwanvua sauti. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mkandaji wa wanawake waliojifungua, na ulimi wake ulifika mlangoni kabla yeye mwenyewe hajafika. Watoto wa mtaa mzima walipita mikononi mwake. Aliwaosha, akawakanda, na tumbo la mtoto likikaza alimwingizia dawa ya majani kwa nyuma, kwa kipira chekundu cha kubinya alichokitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga. Wauguzi wa hospitali walikipigia kelele kipira kile miaka nenda miaka rudi. Kwake wale walikuwa vitoto vya shule tu, havijazaa hata paka.

Basi mjukuu wake Aruna, mtoto wa kwanza wa mwanawe Faridi, alipotimiza siku mbili bila kupata choo, Mwanvua hakushtuka. Alichemsha majani, akajaza kipira, akaingiza. Choo kikatoka kwa kishindo mpaka kikamchafua kanga, naye akacheka akapiga vigelegele. Kesho yake tumbo likavimba tena, akarudia. Ikawa ndiyo kazi ya kila asubuhi.

"Maziwa yako iko mabaya," alimwambia mkwewe Aliya. "Kule kwenu Magara munakulaga nini? Faridi nilimukataza, akaziba masikio."

Aliya aliinamisha macho. Mkwe hamjibu mama mkwe, hasa akiwa na uzazi wa kwanza na hana hata dada yake pale nyumbani.

Siku ya tano walikwenda hospitali. Daktari alikuwa Bahizire, Mkongomani mwembamba asiyependa maneno mengi. Aliuliza, "Mutoto anapata choo?"

"Kila siku," Mwanvua akadaka.

Wala hakudhani amesema uongo. Choo si kilikuwa kinatoka? Habari za kipira ni zake, na mambo ya wanawake hayapelekwi kwa wanaume wenye makoti meupe. Aliya alifungua mdomo, Mwanvua akamkata jicho, mdomo ukafungwa. Wakapewa matone ya gesi, wakarudi nyumbani.

Siku ya kumi na mbili Aruna alitapika kitu cha kijani. Tumbo lilikuwa limetuna, linang'aa, mishipa ya buluu imejichora juu ya ngozi. Mwanvua aliinua kitambaa akaliona. Tumbo lile alilijua. Alilifunika haraka, akamgeukia Aliya kwa hasira asiyojua mwenyewe imetoka wapi.

"Umeleta damu mbovu mu nyumba yangu! Mutoto akikufa, utarudi Magara kwa miguu!"

Aliya alipakia mkoba wa nepi. Alimfunga mtoto kifuani, akashika njia ya hospitali, na Mwanvua akamfuata nyuma kwa hatua za mtu anayekwenda kugomba.

Daktari Bahizire alipouliza tena lile swali lake, Mwanvua akaanza, "Anapata, kila—"

"Hapana," Aliya alisema. Akaingiza mkono ndani ya mkoba wa nepi, akatoa kipira chekundu, akakiweka mezani mbele ya daktari. "Hajawahi kupata choo yeye mwenyewe, dogiteri. Hata siku moja. Kinatoka na hii tu. Mama ndiye anaingizaka."

Mwanvua alihisi kama kavuliwa nguo sokoni. Miaka thelathini hakuna aliyewahi kumkatiza maneno, sembuse kisichana kisichojua kusonga ugali. Aliinua mkono ampige kofi. Muuguzi akasimama katikati.

Daktari hakuwatazama. Alikuwa akimminya Aruna tumbo kwa vidole viwili, na uso ulikuwa umembadilika. "Hii mungenieleza wiki iliyopita," alisema polepole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Mungemuua huyu mutoto."

Kisha akawaeleza. Mtoto akiwa bado tumboni, mdogo kama harage, mbegu za neva hutoka upande wa shingo, zikaingia kwenye utumbo na kuufuata kushuka, hatua kwa hatua, mpaka mwisho kabisa. Hazijiendei tu. Kuna amri zilizoandikwa ndani ya mwili, ndizo jeni, zinazoziita zije huku na zisisimame. Amri moja ikiharibika, neva huishia njiani. Kule zisikofika, utumbo hukaza na hauachii.

"Ni kama wale wanaosimika nguzo za umeme kutoka Bujumbura," alisema. "Wakifika Magara wakaacha kazi, Rumonge itakuwa giza. Dawa ya majani haileti nguzo."

"Umesikia?" Mwanvua alimrukia Aliya. "Dogiteri mwenyewe anasema Magara!"

"Mama, nyamaza." Bahizire aliweka simu mezani. "Sina mashine ya kuhakikisha. Inaweza kuwa hii, inaweza kuwa mikrobe, vijidudu vya tumbo, inaweza kuwa utumbo umejisokota. Daktari wa kupasua iko Bujumbura, na kesho asubuhi anasafiri. Siwezi kumuzuia kwa kubahatisha. Lakini huu ugonjwa unatembeaka mu familia. Kama uko mu ukoo wenu, nitamupigia sasa hivi. Kuna mutoto alikufaka hivi, tumbo limevimba, choo hakitoki?"

"Kwetu hakuna," Aliya alisema. "Mama yangu amezaa tisa, wote wako hai."

Daktari akamgeukia Mwanvua.

Kabla hajamzaa Faridi, Mwanvua alikuwa amemzaa Assumani, na baada ya Assumani, Radjabu. Wa kwanza aliishi siku kumi na tisa, wa pili kumi na nne. Wote wawili walikufa na tumbo lile lile, linang'aa hivi hivi. Jirani yao enzi hizo alikuwa Yudita, aliyemletea uji wa uzazi mara zote mbili, na Mwanvua alipomzika Radjabu alijua ni nani wa kulaumiwa. Alimwita mchawi pale robine, kwenye bomba la maji la mtaa, asubuhi, wanawake wote wamepanga ndoo zao. Miezi haikupita mingi Yudita akahamia Gatete na wanawe, na tangu siku ile Mwanvua hakutia mdomoni hata mafuta ya mawese yaliyokamuliwa Gatete. Chuki ile aliilea vizuri kuliko alivyopata nafasi ya kuwalea wanawe.

Akisema, Yudita hana kosa. Akisema, damu mbovu ni yake mwenyewe. Mficha uchi hazai. Maneno hayo aliwaambia wazazi wangapi waliokuwa wakibana mapaja kwa haya? Aruna alitoa mlio mdogo, si kilio, maana nguvu ya kulia ilikuwa imekwisha.

"Wangu," Mwanvua alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaichukia. "Wawili. Wanaume wote. Tumbo kama hili."

Daktari alikwisha kuinua simu.

Gari la wagonjwa lilipokuja, Mwanvua aliweka mguu apande. Aliya akamzuia kwa kiwiko. "Wewe baki," alisema, akafunga mlango.

Siku ya nne baada ya gari kuondoka, Faridi, aliyewafuata Bujumbura, alipiga simu. Aruna amepasuliwa, ametobolewa tundu ubavuni la kutolea choo, baadaye watakata kipande kisicho na neva na kuunganisha. Ananyonya. "Na Aliya amesema hatarudi kwako, mama. Nami simulazimishi."

Mwanvua akapanda pikipiki hadi Gatete. Alimkuta Yudita akichambua vichala vya chikichi uani, amezeeka, mikono myekundu kwa mawese. Yudita aliinua macho, akamtambua.

"Karibu, Mama Assumani."

Jina lile hakuna aliyemwita kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwanvua alikaa chini mavumbini, maana hakupewa kigoda. Akasema yote. Kwamba maradhi yalikuwa ndani ya damu yake, si kwenye uji. Kwamba anaomba radhi.

Yudita hakuacha kuchambua. "Mujukuu anaishi?"

"Anaishi."

"Mungu ashukuriwe. Lakini mimi nilijua kila siku kwamba sikuua mutoto wa mutu. Unakuja kunieleza mimi kitu ninachokijua?" Alitupa chikichi kwenye beseni. "Watoto wangu walipigwa mawe mu njia ya shule. Ulinitukania robine. Nenda uniombee radhi robine."

Asubuhi iliyofuata Mwanvua alitoka na ndoo. Foleni ilikuwa ndefu. Wanawake walipomwona walisogea, wakampisha mbele kama walivyompisha siku zote, kwa kumwogopa ulimi. Alikwenda mpaka kwenye bomba, akalifunga, maji yakakoma. Mmoja alianza kunung'unika, akaacha.

"Munamukumbuka Yudita?" Mwanvua alisema kwa sauti yake ileile kubwa. "Leo nitawaeleza ni nani aliyeua watoto wangu."